Kazi ya nje itafutwe ukiwa bado nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie vijana wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe wanaojiandaa kwenda kufanya kazi nje ya nchi, pamoja na wazazi wanaouza ng'ombe au kiwanja ili nauli ipatikane. Kwenda ughaibuni kutafuta maisha ni haki ya mtu yeyote mwenye nguvu na ujuzi, na wapo waliojenga na kusomesha wadogo zao kwa fedha hiyo. Linalonisumbua ni mpangilio. Watu wanalipa, wanasafiri, halafu ndiyo wanaanza kutafuta kazi wakiwa ugenini huku siku za viza zinahesabika. Kazi ndiyo inatakiwa itangulie: mwajiri ajulikane, mkataba usomwe, kibali kitoke kwa jina lako, ndipo begi lifungwe.

Tazama tangazo la kawaida linalobandikwa kwenye nguzo za umeme pale Kabwe na Mafiati hapa Mbeya, au linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "Kazi Dubai, Oman na Kanada. Mshahara mnono. Chakula na malazi bure. Nafasi chache, wahi." Chini yake kuna namba ya simu, basi. Mwajiri hatajwi. Namba ya leseni ya wakala haipo. Mshahara haujulikani ni kiasi gani wala kwa fedha ya nchi gani. Aina ya viza haisemwi. Mtu akipiga simu anaambiwa atume "kishika nafasi" leo hii maana zimebaki mbili. Ningeomba magazeti yetu, na lako likiwemo, yasichape tangazo la kazi ya nje lisilo na mambo hayo manne. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya, ni mhariri wa matangazo kuuliza maswali manne kabla ya kupokea malipo.

Nianze na viza, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Viza ya matembezi inakuruhusu kuingia, kutembea na kutoka. Haikuruhusu kushika kazi. Wakala anayesema "ingia na viza ya matembezi, ya kazi tutabadilisha ukifika" anakuachia wewe hatari yote, yeye anabaki na hela. Kwa Falme za Kiarabu, ambako ndiko Dubai iliko, njia halali huanza na mwajiri. Anakuandalia barua ya ajira kupitia mfumo wa wizara yao ya kazi, inaletwa kwako ukiwa bado Tanzania, unaisoma na kuisaini, kisha kinatoka kibali cha kuingia kwa ajili ya kazi. Kibali hicho kwa kawaida huwa cha siku 60, na baada ya kufika unapimwa afya, unachukuliwa alama za vidole na kupewa kitambulisho cha mkaazi. Mkataba utakaosaini kule unatakiwa ulingane na ile barua uliyosaini huku, kwa hiyo nakala ya barua isikutoke mkononi. Aliyeingia kwa viza ya matembezi hana lolote kati ya hayo. Siku zake zikiisha anaanza kudaiwa faini ya dirham 50 kwa kila siku inayozidi, na asipolipwa mshahara anaogopa kwenda kulalamika kwa sababu yeye mwenyewe tayari amevunja sheria. Waajiri wabaya wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana mtu asiye na kibali ndiye wanayempenda.

Kuhusu leseni. Wakala binafsi wa ajira Tanzania Bara anatakiwa awe na leseni inayotolewa na Kamishna wa Kazi. Cheti cha TIN cha TRA si leseni hiyo, wala leseni ya biashara ya halmashauri, wala cheti cha BRELA cha kusajili kampuni. Vishoka huvining'iniza vyote vitatu ukutani kwa fremu nzuri wakijua anayeingia ataona mihuri na kutulia. Wewe omba namba ya leseni ya uwakala wa ajira, iandike, kisha ulizia kwa afisa kazi wa mkoa au kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, kama namba hiyo ipo na kama muda wake haujaisha. TaESA ni chombo cha serikali kilichoanzishwa mwaka 2008, na mkataba wa kazi ya nje ni vizuri upite huko ukaguliwe kabla hujasafiri. Wakala halali hatakasirika ukiulizia. Anayekasirika umeshamjua.

Ada ndiyo kipimo kingine. Kanuni za mawakala binafsi wa ajira za mwaka 2014 hazimruhusu wakala kumtoza mtafuta kazi malipo ya kumtafutia kazi, na Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, una msimamo huohuo. Wakala analipwa na mwajiri. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 nayo inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama hizo kwa mlango wa nyuma, kwa mfano kwa kumkata mshahara. Sasa wewe mtafuta kazi unalipia nini? Unalipia vitu vyako mwenyewe: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, picha, cheti cha polisi, nauli ya kwenda Dar es Salaam. Ada ya pasipoti ya kielektroniki ya kawaida ni shilingi 150,000, na ndani yake zimo shilingi 20,000 za fomu. Malipo ya serikali yanafanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile inayotolewa na mfumo na kuonyesha jina la taasisi unapolipa. Hela ya serikali haitumwi kwenye namba ya simu ya mtu. Ukiona "ada ya ubalozi" au "ada ya wizara" inatakiwa kwa M-Pesa yenye jina la mtu binafsi, hapo hakuna ubalozi wala wizara.

Nasisitiza suala la hela kwa sababu deni ndilo linalomfunga mtu ugenini kuliko ukuta wa nyumba ya mwajiri. Aliyekopa kausha damu ili amlipe dalali, akifika akakuta mshahara ni nusu ya alioahidiwa, hawezi kugeuza. Nyumbani wanadaiwa kila wiki. Atavumilia kunyimwa mapumziko, atavumilia kutukanwa, atavumilia hata kupigwa, kwa sababu kurudi mikono mitupu kunamaanisha shamba la parachichi la baba linakwenda. Mzazi anayetaka kumlinda mwanawe aanze na hili: asikubali deni lenye riba kwa ajili ya kazi ambayo mkataba wake hajauona.

Tuje kwenye mshahara. Jina la fedha linawapoteza wengi. Riali ya Oman, riali ya Saudi Arabia na riali ya Qatar ni fedha tatu tofauti kabisa. Riali 1 ya Oman ni karibu dola 2.60 za Marekani. Dola 1 ni riali 3.75 za Saudi Arabia, au riali 3.64 za Qatar, au dirham 3.67 za Falme za Kiarabu, na viwango hivi vimefungwa kwa dola, havipandi na kushuka ovyo kama shilingi. Maana yake riali 100 za Oman ni kama dola 260, na riali 1,000 za Saudi Arabia ni kama dola 267. Karibu sawa! Anayekuambia "utalipwa riali elfu moja" mwulize ya nchi gani, kisha badilisha kwanza iwe dola, halafu shilingi. Na mtu akikuahidi riali 1,000 za Oman kwa kazi ya ndani, yaani dola 2,600 kwa mwezi, jua unadanganywa.

Kisha tenganisha mshahara wa msingi na posho. Tangazo husema jumla, mkataba huandika msingi, na kiinua mgongo huhesabiwa kwa msingi. Katika Falme za Kiarabu mfanyakazi anayelindwa na sheria ya kazi ya jumla hupata siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Mwenye dirham 1,500 ambazo msingi wake ni 800 atahesabiwa kwa 800. Qatar imeweka kima cha chini tangu Machi 2021: riali 1,000 kwa mwezi, na kama mwajiri hatoi malazi anaongeza 500, asipotoa chakula anaongeza 300. Kima hicho kinawahusu na wafanyakazi wa ndani. Kwa hiyo mkataba wa Qatar ulioandikwa riali 800 ni batili kwenye hesabu yake ya kwanza tu.

Kazi za ndani nitazisemea zaidi. Iringa na Njombe zimetoa wasichana wa kazi kwenda Dar es Salaam kwa miaka mingi, na njia hiyohiyo ya kuunganishwa na "dada" au "mama fulani" sasa inaendelea mpaka Uarabuni. Tofauti ni kubwa. Dar es Salaam msichana akishindwa anapanda basi. Uarabuni kibali chake kimefungwa kwa jina la mwajiri aliyemdhamini. Akitoka tu getini bila utaratibu, mwajiri anaweza kumripoti kuwa ametoroka, na kuanzia hapo anahesabika mkaazi haramu. Ulinzi wa sheria nao haulingani kati ya nchi na nchi. Qatar ina sheria ya wafanyakazi wa ndani ya mwaka 2017: kazi isizidi saa 10 kwa siku, siku moja ya mapumziko kila wiki, likizo ya wiki tatu kwa mwaka. Falme za Kiarabu zina sheria yake ya mwaka 2022. Oman ilitunga sheria mpya ya kazi mwaka 2023, lakini wafanyakazi wa ndani wameachwa nje yake na wanaongozwa na kanuni tofauti. Saudi Arabia inaendesha mikataba ya wafanyakazi wa ndani kupitia mfumo wa serikali uitwao Musaned. Anayekupeleka huko kwa kazi ya ndani akashindwa kukuonyesha mkataba wako ndani ya mfumo huo, usipande ndege.

Kuna jambo moja ambalo mawakala hawalielezi kamwe. Mwajiri wa kule hulipa fedha nyingi kwa ofisi inayomletea mfanyakazi, na ofisi humpa dhamana. Katika Falme za Kiarabu dhamana hiyo ni miezi sita ya majaribio, na mfanyakazi akirudishwa ndani ya muda huo ofisi inatakiwa imrudishie mwajiri fedha yake yote. Ndiyo maana msichana akipiga simu mwezi wa pili kulalamika, wakala anamwambia avumilie, anamtisha, au anampeleka nyumba nyingine badala ya kumsikiliza. Anaokoa fedha yake. Na ndiyo maana mwajiri naye husema "nimekununua, rudisha gharama zangu ndipo uondoke". Gharama hizo si deni la mfanyakazi, wala asisaini karatasi yoyote inayosema ni deni lake.

Pasipoti yako ni yako. Mwajiri kuichukua na kuifungia kabatini ni kosa katika Falme za Kiarabu na Qatar, hata kama ni desturi ya wengi. Piga picha ukurasa wa picha, viza, mkataba na kitambulisho, uzitume kwa ndugu wawili na uziweke kwenye barua pepe unayokumbuka nywila yake, maana simu ni kitu cha kwanza kunyang'anywa. Andika kwa mkono, kwenye karatasi, namba ya ubalozi wetu wa nchi unayokwenda.

Kwa wanaume wanaokwenda kwenye ujenzi: mtu aliyezoea baridi ya Makete au Tukuyu hajui joto la Ghuba. Sheria za huko zinakataza kazi za juani saa za mchana wakati wa kiangazi. Katika Falme za Kiarabu ni kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15, kati ya saa 6:30 na saa 9:00 mchana. Qatar ni kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:30 mchana. Ukiweza kuchagua, fika miezi ya Novemba au Desemba ili mwili uzoee pole pole.

Karatasi zinachukua muda kuliko watu wanavyodhani, na kinachokwamisha kuliko vyote ni jina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Atupelye, cheti cha kidato cha nne Atupele, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo halipo kwenye cheti cha shule. Kwetu hatuoni tatizo, ni mtu yuleyule. Kwa ofisa wa ubalozi ni watu wawili. Mfumo wa kompyuta ndiyo mbaya zaidi, hauna cha kujadiliana nao. Kabla ya kuomba pasipoti, panga vyeti vyako vyote mezani, soma jina herufi kwa herufi, soma tarehe ya kuzaliwa, soma mpangilio wa majina. Kosa likiwa NIDA, lirekebishe NIDA kwanza, maana pasipoti inachukua taarifa huko. Kosa likiwa kwenye cheti cha shule, mara nyingi itahitajika hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, kwani kiapo cha mahakamani peke yake hukataliwa na balozi nyingi. Ukisubiri mpaka mwajiri amekupa wiki mbili, umechelewa.

Mpangilio wa karatasi uende hivi: zile zisizoisha muda zianze, zenye kuisha haraka zije mwisho. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, NIDA, vyeti vya shule na vya VETA, pasipoti ya miaka 10, hizo ziwe tayari hata kama kazi bado. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS matokeo yake ni ya miaka miwili, ufanye ukishajua nchi. Cheti cha polisi cha alama za vidole na vipimo vya afya vina umri wa miezi michache tu, hivyo usivikimbilie mpaka mkataba uwepo. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na balozi ziko huko, kwa hiyo panga vipimo, alama za vidole na uthibitisho wa vyeti viangukie safari moja. Falme za Kiarabu na Qatar hutaka cheti cha taaluma kipite kwenye mlolongo wa mihuri: mamlaka ya elimu ya hapa, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wao. Muhuri mmoja ukirukwa, kazi inarudi mwanzo. Chanjo ya homa ya manjano ni dozi moja, kadi yake tangu mwaka 2016 ni ya maisha, ila inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa. Usiichome asubuhi ya safari.

Vipimo vya afya navyo vinahitaji ukweli, hasa katika mikoa yetu. Nchi za Ghuba hupima VVU, homa ya ini B na C, kaswende, kifua kikuu, na ujauzito kwa wanawake. Miadi huwekwa kupitia mfumo unaoitwa Wafid, na kituo nacho lazima kiwe kimeidhinishwa. Majibu ya kituo kingine hayapokelewi hata kama ni hospitali kubwa. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU nchini. Kwa hiyo wapo watakaokwama hapa, na si aibu. Ila wapo wanaoacha dawa wakidhani kipimo hakitaona, na wengine wanaodhani kwa kuwa virusi vyao vimeshuka hadi havionekani basi watapita. Kipimo kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na kingamwili hubaki kwenye damu hata kama dawa zimefubaza virusi kabisa. Kuacha dawa hakubadilishi jibu, kunamrudishia mtu ugonjwa tu. Mwenye VVU ana nchi nyingine za kwenda: Afrika Kusini na Uingereza haziweki zuio hilo. Na aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona, apige picha ya eksirei hapa Mbeya au Iringa kabla ya kutumia hata shilingi moja kwenye safari, kwa sababu kovu la zamani kwenye pafu linatosha kukataliwa Ghuba.

Njia ya Tunduma nayo ina watu wake. Kijana anavuka Nakonde, anapita Zambia na Zimbabwe hadi Beitbridge, anaingia Sauzi. Kwa Mtanzania mwenye pasipoti, Afrika Kusini haidai viza kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka. Wengi wanasikia "haidai viza" wakaelewa "unaweza kufanya kazi". Sivyo. Kibali cha kazi kinaombwa ukiwa nchini kwako, na matembezi kwa kawaida hayabadilishwi kuwa kibali cha kazi ukiwa umeshaingia. Vyeti lazima vitathminiwe na mamlaka yao ya sifa za elimu, SAQA. Ukizidisha siku zako kwa chini ya mwezi unafungiwa kuingia kwa miezi 12. Ukizidisha zaidi ya siku 30 unafungiwa miaka mitano. Fundi umeme au fundi wa mitambo mwenye cheti kizuri anayevuka kwa mbio ili "aanze tu chochote" anaweza kujifungia mlango ambao angeingia kwa heshima miezi michache baadaye.

Kwa Kenya, Uganda na Rwanda kuna Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika Julai 1, 2010. Inasaidia kwenye vibali, lakini kila nchi iliorodhesha fani ilizofungua, kwa hiyo angalia kama yako imo.

Ulaya na Kanada naona matapeli wamehamia kwa nguvu, na uongo wao ni wa hali ya juu. Uingereza kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani ilikuwa mlango mpana, lakini ulifungwa kwa waombaji wapya wa kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Anayeuza nafasi hiyo leo anauza hewa. Kwa kazi nyingine za huko, orodha ya waajiri wenye kibali cha kudhamini wageni iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, mtu anaitafuta jina kwa jina bila kulipia. Kanada, mwajiri katika kazi nyingi anatakiwa kwanza apate tathmini ya soko la ajira iitwayo LMIA. Wewe unaomba kibali mwenyewe kwa dola 155 za Kanada, na dola 85 za alama za vidole. Barua ya ajira ya Kanada yenye anwani ya Gmail, isiyo na namba ya LMIA, inayodai dola elfu mbili, ichane. Tafuta simu ya kampuni wewe mwenyewe, usitumie iliyoandikwa kwenye barua, upige uulize kama wanakujua.

Ujerumani ninaisemea kwa matumaini zaidi, maana inatafuta wauguzi, mafundi umeme, mafundi bomba na mafundi magari, na hapa tuna VETA na vyuo vya uuguzi. Tangu Juni 1, 2024 kuna kadi ya fursa, Chancenkarte, inayomruhusu mtu kwenda hadi mwaka mmoja kutafuta kazi akiwa halali, na kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati anatafuta. Masharti si mepesi: mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa hapa nchini, Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, au Kiingereza cha ngazi ya B2, yaani ya kati ya juu, alama sita kwenye orodha yao, na fedha ya kujikimu, ambayo kwa hesabu ya 2025 ni euro 1,091 kwa kila mwezi. Kwa mwaka mzima zinazidi euro 13,000. Wachache wanazo. Kwa muuguzi njia nzuri zaidi ni kusoma lugha hadi B1 au B2 ukiwa bado kazini hapa. Mitihani hufanyika Goethe-Institut, Dar es Salaam, na mwajiri wa kweli huko huhangaikia utambuzi wa cheti. Lugha ndiyo gharama yenyewe, na haiuzwi na dalali. Tovuti ya serikali yao, Make it in Germany, ina nafasi za kazi na maelezo yote bila malipo.

Na mtu akimwahidi kijana anayejua kompyuta kazi ya "huduma kwa wateja" Thailand, nauli ikalipwa na tajiri, usaili ukafanyika kwa ujumbe tu, akatae. Wengi waliopewa ahadi hiyo huvushwa mpakani hadi Myanmar na kufungiwa kwenye majengo ya utapeli wa mtandaoni, na vijana wa Afrika Mashariki wamo miongoni mwao.

Kwa familia ambayo tayari imeshatapeliwa, au yenye mtoto aliyekwama nje: msifute ujumbe wowote. Hifadhini mazungumzo ya WhatsApp, sauti, tangazo lenyewe, na ombeni taarifa ya miamala kwa mtandao wa simu uliotumika kutuma hela. Mwenye laini ndiye anayepewa. Pelekeni polisi na kwa afisa kazi wa mkoa, mtaje Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008, ili shauri lisiandikwe kama deni la watu wawili. Aliye nje atume eneo alipo kwa simu, jina la mwajiri na namba ya kibali, na ndugu wapeleke taarifa hizo Wizara ya Mambo ya Nje ili ubalozi uanze kazi ukiwa na anwani mkononi.

Msomaji wako,
Soweto, Mbeya